Chapa

Mwezi wa pili nilimuuzia prodyuza mmoja wa Nairobi sekunde 40 za sauti ya babu yangu. Shilingi 6,000, kwa M-Pesa. Babu sikuwa nimemuuliza.

Najua vile inasikika. Lakini meseji ya pesa ilipoingia nilikuwa nimekaa nje ya duka la kuchajia simu hapa Lokori, nikiwa na deni la unga, deni la bando na deni la nduthi, na kitu nilichohisi hakikuwa aibu. Nilihisi fahari. Prodyuza alikuwa ameniandikia: "Buda, hii ni orijino kabisa. Hii hakuna mtu ako nayo." Nikaisoma mara tatu. Ni kama mimi ndiye nilikuwa orijino.

Wacha kwanza nieleze kazi yangu. Nilikuwa chuo, nikafika mwaka wa pili, karo ikashinda watu wa kwetu, nikarudi. Hiyo ndiyo stori yote na sitaki kuikoroga zaidi, kwa sababu stori za aina hiyo ndizo huniletea chakula na najua zinavyopikwa. Ninawaandikia wasifu wasanii wanaochipuka. Maneno 150 ya kuweka YouTube, ama ya kutuma kwa mtangazaji wa redio, kwa bei ya kati ya shilingi 500 na 800. Wengi wao sijawahi kukutana nao. Wananitumia ujumbe wa sauti usiku, asubuhi nawarudishia mtu.

Mtu huyo hufanana kila mara. Alizaliwa katika familia ya kipato cha chini. Alianza kuimba kwaya ya kanisa. Mama ndiye peke yake aliyemwamini. Kuna mkubwa fulani aliyemfukuza studio. Na mwisho, lazima, "muziki wake unatoka moyoni." Msanii mmoja aliniambia baba yake ni mhasibu, mama ni mwalimu, na wamekaa Syokimau tangu azaliwe. Nikamuuliza, stima ilikuwa inapotea? Akasema ndiyo, mara mojamoja. Nikaandika kwamba nyimbo zake za kwanza alizitunga kwa mwanga wa mshumaa. Alifurahi sana. Alinitumia mia mbili za juu.

Kwa hivyo nikianza kuongea juu ya ukweli katika muziki, msikilizaji ana haki ya kucheka.

Chuoni nilikuwa na masikio mawili, na hayakuwa yakisalimiana. Sikio la kwanza lilikuwa la watu. Tulikuwa wanne kwa chumba kimoja cha hosteli, wenzangu watatu wote ni wa Nairobi na wote wajuaji. Hapo nilisema nasikiza Fadhili William, D.O. Misiani, Ayub Ogada. Kwa vijana, Wakadinali tu, kwa sababu ni watu wa Eastlands na wanarap vile wanaongea. Nilikuwa natoka Turkana, kwa hivyo walinitarajia niwe mtu wa vitu vya asili, na mimi sikuwaangusha. Nilikuwa na shuka nyekundu niliyoinunua Gikomba. Nilikuwa najifunga nayo nikienda kuoga.

Sikio la pili lilikuwa la usiku, na waya. Diamond Platnumz. Na Westlife. Ndiyo, Westlife, wale vijana wa Ireland wanaokaa kwa stuli halafu wote wanasimama pamoja wimbo ukipanda. Kenya nzima inajua nyimbo zao na kila mtu anasema ni za dadake. Mimi nilijitetea kimoyomoyo kwamba Mturkana hawezi kumcheka mwanaume kwa kutembea na stuli. Wazee wetu hawaendi popote bila ekicholong: ndicho kiti, ndicho mto wa kulalia.

Diamond nilikuwa namkashifu hadharani kwa nguvu ya mtu anayejua kila neno la nyimbo zake. Ushahidi nilikuwa nao. Mwaka 2017 alitoa manukato, Chibu Perfume, na mwaka huohuo akatoa karanga, Diamond Karanga. Msee anakuimbia vile moyo umevunjika halafu anakuuzia karanga! Nilikuwa nauliza chumba kizima: huyu ni msanii ama ni duka? Ana lebo, ana redio, ana televisheni. Kila kitu kina jina lake ama la Wasafi juu yake, kama ng'ombe aliyepigwa chapa.

Kile sikuwaambia ni kwamba mwaka 2010, nikiwa mtoto wa shule ya msingi, "Kamwambie" ndio wimbo wa kwanza niliowahi kulipia maishani. Shilingi kumi, kuwekewa kwa memori kadi ya simu ya mjomba, kwa duka hilihili. Kabla ya hapo Kiswahili kwangu kilikuwa lugha ya mwalimu na ya polisi. Kilikuwa cha kuulizwa na kujibu. Sikuwa najua kinaweza kubembeleza. Nilikuwa naenda kuchota maji Kerio nikiimba kitu ambacho hata sikukielewa vizuri, nikimbembeleza msichana ambaye hakuwepo. Kama kuna kitu kilichonifanya nianze kuandika kwa lugha hii ni hicho, si Shaaban Robert. Naomba msamaha kwa mwalimu wangu.

Silaha yangu kubwa ya hosteli ilikuwa Ayub Ogada. Mzee mmoja, nyatiti yenye nyuzi nane, sauti ya mtu asiye na haraka. Nilikuwa nasema: mwone huyo, hana chapa, hana nguo za kukodisha, ni yeye na kamba na mti. Halafu nikapewa kazi ya kuandika kurasa mbili juu yake na ikanibidi nisome.

Jina alilolelewa nalo ni Job Seda. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956. Wazazi wake walikuwa wanamuziki na walimpeleka Marekani akiwa mtoto, wakizunguka kupiga nyimbo za Kiluo. Miaka ya 1970 alikuwa kwa bendi ya Nairobi iitwayo Black Savage, wakipiga roki. Baadaye akaingia African Heritage Band. Ukitazama filamu ya Out of Africa, ya mwaka 1985, yumo ndani, na anaitwa Job Seda. Ndipo akaenda London na nyatiti, akawa anapiga barabarani na kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi, mpaka watu wa tamasha la WOMAD wakamchukua. Albamu yake ya En Mana Kuoyo ilitolewa mwaka 1993 na Real World, kampuni ya Peter Gabriel. Kwa jina la Ayub Ogada.

Yaani yule mzee wa kamba na mti alikuwa mtoto wa jukwaani, mpiga roki, mwigizaji wa sinema. Ule upole, ule upweke na nyatiti, alikuwa ameuchagua. Kwa wiki nzima nilihisi nimeibiwa. Sijui nilitaka nini, labda azaliwe ameshika nyatiti.

Kuna kingine kilichoniuma karibu zaidi. Mwaka 2005 wimbo wake wa "Kothbiro" uliwekwa kwenye filamu ya The Constant Gardener, ambayo sehemu yake ilipigwa Loiyangalani, ng'ambo ile ya Ziwa Turkana. Sisi tuko ng'ambo hii, lakini nchi ni moja, mawe na upepo. Kwa hivyo watu wengi duniani walipotuona mara ya kwanza, walituona tukiwa na wimbo wa Kiluo juu yetu, wimbo ambao jina lake ni kwamba mvua inakuja. Mvua! Mwaka 2018 Kanye West akachukua "Kothbiro" ya zamani, ile ya Black Savage, akaijengea wimbo wa "Yikes". Ogada alifariki Februari 2019. Nilipomaliza kuandika zile kurasa mbili nikaweka wimbo tena, nikitarajia sasa utasikika kama uongo. Wapi. Mvua bado ilikuwa inakuja.

Hapo ndipo ningekuwa nimejifunza kitu, lakini kulikuwa na kodi ya kulipa, na kazi iliyofuata ilikuwa Kakuma.

Ukitoka Lodwar kwenda Kakuma ni kama kilomita 120 kwenda kaskazini-magharibi. Kambi iko hapo tangu 1992, kwa hivyo ina umri kunishinda. Muziki umejaa. Kwa kichochoro kimoja unapita lingala, kinyarwanda, nyimbo za Kisomali, kwaya ya Wasudani Kusini, bongo fleva juu ya zote. Octopizzo, ambaye jina lake lenyewe limetoka kwa namba 8, matatu ya Kibera, alifanya albamu ya Refugeenius mwaka 2016 pamoja na vijana wa Kakuma na Dadaab. Kwa hivyo wazo la kurekodi vijana wa kambi halikuwa geni. Shirika moja, silitaji, lilikuwa linafanya mradi wake mdogo na likaniita niandike wasifu wa wasanii sita.

Wa tatu alikuwa kijana Mkongo wa miaka 19. Alikuja amevaa suti nyeupe ya kuazima na miwani ya jua, viatu vimepigwa rangi mpaka unajiona. Wimbo wake ulikuwa wa msichana anayetaka kupelekwa Dubai. Wimbo mtamu, wa kijinga, wa kuchezeka. Nikaandika: suti, msichana, Dubai. Afisa wa mradi akanirudishia. Vita viko wapi? Nikaongeza wazazi wake walikotoka. Akanirudishia tena. Safari iko wapi? Nikampigia simu kijana nimuulize safari. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kaka, mimi nilizaliwa hapa. Safari gani?" Mahali pa mbali zaidi alipowahi kufika ni Lodwar.

Niliandika safari. Niliiandika vizuri pia, na lori, na mto, na usiku. Siku ya picha walimwomba avue koti, wakampa fulana ya mradi, wakamsimamisha kwa seng'enge. Suti ilikuwa ya kuazima lakini ilikuwa yake kuliko ile fulana. Hakulalamika. Alijua ni kazi. Aliuliza tu kama anaweza kubaki na miwani, wakamwambia bora atoe ili macho yaonekane.

Tangu siku hiyo nikaacha kusema neno "halisi" mbele ya watu. Kuliandika sikuacha, lina soko.

Sasa babu.

Baada ya Krismasi kifua kilimshika akaletwa kwetu Lokori, awe karibu na hospitali. Jioni moja wazee wawili wa rika lake walikuja kumtembelea. Walikaa kwa stuli zao nje, wakatafuna tumbaku, na giza lilipoingia babu akaanza kuimba. Nilikuwa na simu mkononi. Nikarekodi dakika 11.

Kwa mtu asiyejua: kijana wa Kiturkana wa zamani alikuwa anapata dume lake, emong, maksai anayempenda kuliko wote. Anamfunga kengele. Anachukua jina kutoka kwake, kutoka kwa rangi yake ama pembe zake, na hilo ndilo jina ambalo rika lake litamwita mpaka afe. Anamtungia wimbo. Kwenye edonga, ile ngoma ya kuruka, anaingia katikati na kuinua mikono iwe pembe za huyo dume, kila mtu anajua ni pembe za nani, na wenzake wanaitikia. Wimbo ni wake. Ukitaka wako, tafuta dume wako.

Dume wa babu alikuwa wa kijivu. Alikufa katika ukame wa 1980, ule unaoitwa Lopiar, uliofagia mifugo ya watu mpaka wengine wakabaki na fimbo. Babu hakumtafutia mwingine. Miaka zaidi ya 40 amekuwa akimwimbia ng'ombe ambaye hayupo.

Niliweka kipande cha sekunde 40 kwa steto ya WhatsApp. Nilitaka nini? Nilitaka wale watatu wa hosteli waone. Aliyeona ni prodyuza.

Wiki mbili baada ya kunilipa akanitumia biti ikiwa bado mbichi. Alikuwa amechukua sekunde nne za babu akazizungusha, akaziwekea ngoma nzito chini, na juu yake msanii fulani wa Nairobi anaimba stori ya klabu. Nitasema ukweli: ilikuwa tamu. Nilitingisha kichwa. Niliirudia mara kadhaa nikitembea kwa kiwanja, na ni kama mara ya tano ndipo nikasikia. Mahali alipokatia ni katikati ya jina la dume. Babu anaita nusu ya jina, anarudi mwanzo, anaita nusu, anarudi mwanzo. Wimbo mzima, dakika tatu, anamwita na hamalizi.

Kesho yake nikaenda kwake. Alikuwa amepona na kurudi bomani, upande wa pili wa Kerio. Nilinunua sukari na tumbaku kwa zile pesa zake mwenyewe, ambazo zilikuwa zimebaki 1,700.

Ukitoka Lokori kuna mahali panaitwa Namoratung'a, "watu wa mawe". Ni makaburi ya kale yaliyozungushiwa mawe marefu yaliyosimamishwa. Kuna mengine ya jina hilohilo kule njia ya Kalokol, na hayo ndiyo wanasimulia kwamba ni watu waliokuwa wanacheza ngoma wakageuka mawe. Haya ya kwetu yamechorwa alama. Mwaka 1977 watafiti wawili, Lynch na Robbins, waliandika kwamba alama hizo zinafanana na chapa ambazo wafugaji wa huku bado wanawapiga ng'ombe wao. Nilikuwa nimepita hapo tangu utotoni nikienda kuchunga na hakuna aliyewahi kuniambia. Na sisi Kiturkana neno la ukoo na neno la chapa ya mifugo ni moja: emachar. Nilisimama hapo kidogo, jua likiwa bado halijachoma, nikifikiria zile kelele zangu za hosteli kuhusu ng'ombe aliyepigwa chapa. Nilisema kama tusi. Nilikuwa nimejifunza wapi kwamba hilo ni tusi?

Babu alikuwa chini ya mti, na stuli yake. Tukasalimiana vile inavyotakiwa, mifugo, mvua, mama, kifua. Nikampa tumbaku. Halafu nikamwambia yote kwa Kiturkana changu cha mtu wa shule, ambacho hakina neno la prodyuza. Nikasema kuna kijana Nairobi ametaka wimbo wako na nimempa na amenilipa na sikukuuliza.

Hakukasirika. Akasema, "Leta."

Kwanza nikamchezea rekodi yenyewe. Akaishika simu sikioni kama mtu anayepigiwa. "Nani huyu anakohoa?"

"Ni wewe, babu. Ulikuwa mgonjwa."

"Mbona ulinichukua nikiwa mgonjwa? Ulikosa siku nyingine?" Akaendelea kusikiza, uso umekunjamana. "Na sina manyoya, sina kengele. Huyu ni mzee tu amekaa. Nani atapenda wimbo wa mzee amekaa?"

Nikajaribu kumweleza kwamba hicho ndicho wanachokitaka. Kikohozi, giza, wazee watatu. Kwamba Nairobi wanaona hiyo ndiyo safi. Alinitazama kwa namna ambayo daktari humtazama mtu anayesema maumivu yanazunguka. Akaanza kunihesabia siku za ujana wake: udongo wa kichwani ulipakwa na nani, manyoya ya mbuni yalibadilishwa na mbuzi wangapi, mafuta aliyojipaka mpaka ng'ombe wakamfuata. Aliwahi kukataa kuingia edonga kwa sababu kengele ya dume ilikuwa imepasuka na ilikuwa inalia vibaya. Alitembea siku mbili kwenda kutafuta nyingine.

Mzee alikuwa msanii wa pichapicha kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwandikia.

Halafu nikamchezea biti. Nilitarajia machozi, ama hasira, nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Alisikiza mpaka mwisho. Mguu wake ulicheza kidogo, nitautolea ushahidi popote. Akasema, "Ngoma ni nzuri." Baadaye akasema, "Wenzangu wako wapi?"

"Wenzako?"

"Wanaoitikia. Umewatoa."

Ni kweli. Kwenye rekodi ya dakika 11 wale wazee wawili wanaitikia kila mstari. Mimi ndiye nilikata ile sekunde 40 mahali ambapo hawamo, kwa sababu mmoja wao hana meno na niliona anaharibu. Prodyuza alikata jina, sawa, lakini watu niliwatoa mimi.

"Huyu anayeimba juu yangu," akauliza, "ana dume?"

"Hana."

"Ana nini?"

Sikujua. Nikamwambia huko wasanii wana magari. Na kwa sababu sikuwa na mfano wa karibu nikamtolea Diamond, nikamwonyesha picha niliyokuwa nayo kwa simu, kwamba mwaka 2021 alinunua gari linaloitwa Rolls-Royce. Nikasema kwa ile sauti yangu ya hosteli: ni ya kujionyesha tu.

"Ni lake?"

"Ni lake."

"Amelilipia?"

"Ndiyo."

"Watu wakiliona wanajua ni la nani?"

"Kabisa. Afrika Mashariki yote."

"Basi tatizo ni nini?" Alikuwa anauliza kweli, si kwa kunifunza. Akanirudishia simu. "Huyu wa kwako hana dume, hana gari, amechukua dume wangu. Watu wakimwuliza pembe zilikuwaje atasema nini?"

Nikamwuliza nifanye nini. Akasema kijana akitaka wimbo aje. Ataambiwa dume alikuwa wa namna gani, alinunuliwa wapi, alikunywa maji wapi, alikufia wapi. Akishajua, na akija na wa kumwitikia, aimbe. Hakutaja pesa. Nilipozitaja mimi akauliza ni ngapi, nikamwambia, akasema hiyo si hata mbuzi mkubwa.

Kurudi nilipata mtandao pale kwa mteremko karibu na soko, nikamtumia prodyuza ujumbe wa sauti wa dakika nne. Nikamweleza aje Lokori. Alinijibu akicheka, si kwa ubaya. "Buda, Lokori iko wapi? Kuna lami mpaka huko?" Halafu akaongeza kwamba anaweza kunipea 4,000 za juu tumalize hii stori, kwa sababu msanii ameshaupenda.

Ningependa kuandika kwamba nilikataa papo hapo. Nilikaa nayo siku mbili. Siku ya kwanza nilipiga hesabu. Siku ya pili nilisikiza ile biti tena na kila babu alipoita nusu ya jina nilijikuta namalizia mimi, kwa sauti, peke yangu chumbani, na ilikuwa inatoka vibaya kwa sababu sikuwahi kulitamka hata siku moja. Nikamwandikia atoe. Nikamwambia nitamrudishia 6,000 kidogokidogo.

Alitoa. Hakusumbua, nampa heshima yake. Mahali pa babu aliweka filimbi ya kompyuta, na kusema kweli wimbo haukupoteza mengi. Ulipokaribia kutoka akanipigia: anahitaji maneno 150 ya kuuelezea, bei ni ileile, 800, na atazikata kwa deni. Nikaandika. Nikasema filimbi ile imebeba upepo wa bonde la Kerio. Nilikuwa nimebakisha 5,200.

Leo deni liko 2,700. Wimbo unachezwa redioni, nimeusikia mara mbili, na mara ya pili nilikuwa kwa duka la kuchajia simu na nikamwomba mwenye duka aongeze sauti. Usiku bado nasikiza Diamond, siku hizi bila waya. Westlife bado ni kwa waya.

Wiki iliyopita babu alikuja sokoni kuuza mbuzi. Nilimkuta amekaa hapo nje kwa stuli yake akingoja tochi yake ijae chaji, muziki wa duka ukimpigia mgongoni. Aliniita, akaniuliza lile gari la yule kijana wa Tanzania linaitwaje, kwa sababu alikuwa amewaambia wenzake na wakamwuliza jina. Nikamwambia gari ni Rolls-Royce, na aina yake ni Cullinan. Akajaribu kulitamka mara mbili, polepole. Akatikisa kichwa.

"Jina halina rangi," akasema, akasogeza stuli kivulini.